Mambo ya Ng'ambo

Yaya Selestini, kaka yangu wa urafiki,

Binti yako Mwavita ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa, na kazi yangu imenizoeza kutanguliza kubwa. Ulimwacha mgongoni kwa mama yake, hajaota meno. Sasa ni muuguzi katika kituo cha afya huku Kasuku, ana sauti ya kuamrisha wagonjwa, na anacheka kama wewe, kichwa nyuma na mdomo wazi. Mume wake anaitwa Justin. Wazazi wake ni watu wa Kampene. Baba yake alikuwa akinunua madini kwa wachimbaji kabla familia haijahamia Mikelenge. Ni kijana mtulivu. Ningemkuta na kasoro ningekuambia.

Lakini harusi hii ilikaribia kuvunjika, na kilichotaka kuivunja ni wimbo wako. Kwa hiyo ni mimi.

Mwavita alikuja nyumbani kwangu siku ya mapumziko yake, akakaa, akakataa chai. Nilijua kuna jambo.

"Baba mudogo, miye nataka niingie mu sale na wimbo ya papa."

Nikamwuliza aingie ukumbini na wimbo gani, kama kwamba uliacha nyimbo nyingi.

"Ile ya redio. Ya komunike."

Wakati unaondoka neno hilo lilikuwa bado la maofisi. Sasa mtu wa Kindu akisema komunike anamaanisha tangazo la kifo, basi. Na komunike haianzi bila wimbo wako. Kila asubuhi na kila jioni redio inaupiga, tarumbeta yako ile ya polepole, halafu sauti inasema familia ya fulani, ya avenyu fulani, inasikitika kutangaza kifo cha fulani. Mji wote unaujua. Sitii chumvi, unajua sina tabia hiyo. Watoto waliozaliwa baada ya vita wanaupiga kwa miluzi wakizika panzi. Madereva wa pikipiki pale sokoni wameugeuza kuwa tusi: mwenzao akipita kasi wanamwimbia kile kipande cha mwanzo, kisha wanapaza sauti, "Weye! Unataka wakupigie ng'ambo?" Kupigiwa ng'ambo, huku kwetu sasa, ni kufa. Jirani yangu ni fundi wa jenereta. Mashine ikikataa kabisa kuwaka, anavua kofia, anapuliza wimbo wako, halafu anamgeukia mwenye mashine: "Papa, pole sana. Imetuacha."

Ukitaka kujua kama unakumbukwa, wimbo wako unakumbukwa kuliko wa mwanamuziki yeyote aliyewahi kupita mji huu. Ila hakuna anayejua kwamba ni wako. Na hakuna anayejua kwamba ni wa kucheza, kwamba baada ya tarumbeta ile ndefu kuna ngoma na magitaa mawili, na tarumbeta inayorudi ikicheka. Wangejuaje? Nilivikata.

Mwavita alijua kutoka kwa mama yake kwamba wimbo ni wa baba. Zaidi ya hapo hakujua. Aliniomba nimweleze yote tangu mwanzo, nami nilimweleza hivi, kwa mpangilio, kama ninavyoyaandika hapa. Mengine uliyaona mwenyewe. Nivumilie.

Nilimwambia ulikuwa mtoto wa reli. Babu yake aliletwa na reli kutoka Kongolo, nawe ukaajiriwa karakana, siku za kazi ukitengeneza mabehewa, Jumamosi ukipuliza tarumbeta katika orkestra ya wafanyakazi. Salima, mama yake, alikuwa mtu wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Jumapili ulikuwa ukisimama kwenye mawe ya bandarini na kupuliza sauti ndefu kuelekea kwao, na yeye akizisikia aliteremka majini kutafuta mtumbwi. Majirani zake walimwambia, "Ule mwanaume anakuitaka kama mbuzi." Akawajibu kwamba bado hajaona mbuzi wa kuitwa kwa tarumbeta. Kutokana na mwito ule ukatunga wimbo mzima. Mwanzo ni wewe unamwita. Halafu kimya kifupi, unangoja. Halafu ngoma zinaingia: amefika, mnacheza. Ukauita Mambo ya Ng'ambo. Mambo kwa maana ya dansi ile ya Kuba ambayo wazee wa orkestra walijifunza kwenye santuri.

Kisha vita. Treni zikakoma. Askari walioushika mji waliingia redioni kwetu wakabeba mashine, kaseti za muziki, hata pazia. Ukaniletea kaseti yako. "Mudogo," ulisema, "wapigie watu wacheze kidogo." Siku ile sikuwa na nafasi ya kuisikiliza. Juu yake uliandika kwa kalamu ya bluu: Mambo ya Ng'ambo.

Siku chache baadaye mto ukafungwa. Askari walikuwa upande wetu, wapiganaji upande wa Alunguli, na mtumbwi uliojaribu kuvuka ulipigwa risasi. Watu wa familia moja wakawa kama wako nchi mbili. Wakaanza kuleta redioni vipande vya karatasi: fulani amejifungua, fulani yu mzima, fulani amefariki na ameshazikwa. Nilihitaji mlio wa kufungulia kipindi. Nikachukua kaseti yako, nikasoma juu yake Mambo ya Ng'ambo, nikaelewa habari za ng'ambo. Nilidhani umetutungia mlio wa kipindi. Nilipoiweka na kuisikia ile tarumbeta ndefu, nikasema moyoni, yaya amefikiria vizuri. Ngoma zilipoingia nikaona hizi ni za ziada. Nikasimamisha pale penye kimya, nikaanza kusoma.

Neno lilikuwa moja, nami nilikuwa mtu wa habari. Kwangu mambo yote yalikuwa habari.

Ulikuja redioni kesho yake ukicheka mpaka unashika ukuta. "Weye Rama! Nilikupa mambo ya kucheza, umeifanya mambo ya kusema!" Nilicheka na mimi. Nilitaka kuitoa, ukakataa. Ulisema mama mkwe yuko ng'ambo, anasikiliza, na wimbo huu ulishazoea kuita mtu mmoja, acha sasa uite wote.

Hapo hatukuwa na kosa, yaya. Nimelipitia mara nyingi. Kosa lilikuja baadaye, na lilikuja kama kazi.

Umeme ulikuja ukipenda. Nilikuwa nikirekodi matangazo umeme ukiwapo, ili mwenzangu ayapeleke hewani wakati mimi niko barabarani nikitafuta habari. Kaseti tupu haikupatikana mji mzima. Nilikuwa na yako: mwanzo wake ninaouhitaji, na baada ya mwanzo nafasi ndefu. Nikarekodi majina juu ya ngoma zako. Siku iliyofuata, juu ya majina hayo, majina mengine. Sikukuuliza. Kwangu ile ilikuwa nafasi.

Nilipofika hapo Mwavita alinikatiza. "Ngoja. Kwa hiyo ile ingine iko wapi? Mwisho yake?"

Nikamwambia haipo.

Aliniangalia kama anavyomwangalia, nadhani, mgonjwa aliyeletwa akiwa amechelewa. Kisha akasema niendelee.

Polepole waliozaliwa walipungua kwenye vile vipande vya karatasi, na waliofariki wakaongezeka, mpaka kipindi kikawa cha wafu peke yao. Hakuna aliyeamua. Betri zilikuwa adimu. Watu walizianika juani zipate nguvu kidogo, na mwenye redio aliiwasha pale tu aliposikia kwa jirani tarumbeta imeanza. Walio mbali walikimbia. Wimbo wako ulikuwa kengele ya mji.

Mara ya pili ulipokuja hukucheka. Uliegemea mlango wa studio ukasema, "Mudogo, jana nimepuliza kwangu mu parsele, pale uani. Nafanya tu mazoezi. Majirani wametoka wote. Mama mumoja ameshika kichwa, anauliza, ni nani? Ni nani? Namwambia hakuna muntu, njo miye tu, napuliza. Amenitukana." Kisha: "Tosha ile wimbo, iondoke kabisa. Piga hata sahani na kijiko."

Nikakueleza kwamba watu wameshaizoea, kwamba tukibadilisha sasa wengi watapitwa na habari za watu wao. Nikasema vita vikiisha nitaitoa.

"Sawa, mukubwa wa redio," ulijibu. Hukuwahi kuniita hivyo kabla.

Sababu yangu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiipima ni nzuri. Ingekuwa mbovu ningeshaitupa na kulala.

Salima aliniambia, muda mrefu baadaye, kwamba hukuigusa tena tarumbeta tangu siku ile. Uliifunga kwenye kitenge ukaiweka juu ya kabati. Mtu aliyekuwa na wimbo mmoja, nami nilimfanya asiweze kuupiga nyumbani kwake.

Kisha njaa. Ulitoka na baiskeli kwenda Tunda kutafuta mchele na mihogo mikavu, wewe na wanaume wengine wa karakana. Waliorudi walirudi kwa miguu, wakasema mahali ulipoangukia. Salima hakuja redioni. Alimtuma kaka yake na karatasi. Niliweka kaseti, tarumbeta yako ikaita, kimya kikaja, nikasoma jina lako. Sauti haikutetemeka. Watu walinisimamisha njiani kunisifu: rafiki yako mwenyewe, na umemsoma sawasawa na wengine! Nilizipokea sifa zile. Nilizibeba mpaka nyumbani. Hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo kuliko yote niliyoyasoma katika vita, jinsi nilivyokuwa sawasawa.

Vita viliisha. Mto ukafunguliwa, treni ikarudi, ikichelewa kama zamani. Wimbo sikuutoa. Kwanza kulikuwa na wafu wa vita ambao habari zao zilifika polepole; halafu kulikuwa na mazoea. Mtu wa kompyuta aliuhamisha ule mwanzo kwenye mashine, kaseti ikatupwa. Na mimi, niliyekuwa nikiwarudisha watu nyumbani wakaulize jina la babu wa marehemu ili tangazo liwe kamili, sikuwahi kutaja hewani nani aliyetunga.

Hayo ndiyo niliyomwambia binti yako. Alipoinuka kuondoka alisema, "Baba mudogo, weye njo uliingiza ile wimbo kwa wafu. Weye njo utaitosha."

Nilidhani itakuwa kazi ya kuongea na watu wawili watatu. Habari ilifika Mikelenge kabla yangu. Siku familia mbili zilipokutana kupanga sherehe, shangazi yake Justin, Mama Furaha, aliyemlea tangu utoto, alisimama na kusema mbele ya wote: "Nimesikia bibi-harusi ataingia na komunike. Muzuri. Basi mutusomee na jina ya marehemu, tujue tunazika nani!"

Watu walicheka. Yeye hakuwa anacheka. Alisema wimbo ule ukipigwa, ukoo wake utatoka, na Justin atawafuata. Justin alitazama viatu vyake. Mwavita akajibu kwa heshima, magoti yamekunjwa, kwamba bila wimbo ule yeye haingii. Salima alinitazama tu. Pale ndipo nilipouona mzigo wenyewe: mtoto wako anaweza kukosa mume kwa kitufe nilichobonyeza mimi.

Kesho yake nilianza kwa mkurugenzi wetu wa redio, kijana mzuri, amesomea mambo haya. Nilimwomba tubadilishe mlio wa komunike. Alidhani ninatania. "Papa Rama, tukiitosha, watu watajuaje kama ni wafu?" Nilimtambua. Alikuwa anasema maneno yangu.

Kisha nikaenda kwa Mama Furaha nikiwa na hoja zangu tayari. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilipobisha hodi, kabla hajainua uso, mikono yake ilisimama.

"Njo weye? Weye wa redio?"

"Njo mimi, mama."

Akanitazama juu mpaka chini. "Karibu. Kwa ile sauti nilifikiri uko munene."

Alinipa kiti. Sikupata nafasi ya kutoa hoja hata moja. Aliniambia kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa Alunguli mto ulipofungwa. "Hakuna muntu alikuja kuniambia," alisema. "Hakuna pasta, hakuna ndugu. Ni ile wimbo na ni weye. Nilikuwa nasonga bugali. Nimesikia tarumbeta, nimesema, maskini, leo ni zamu ya nani? Sasa watu wanataka niicheze?"

Nilimwuliza jina la mtoto. Alinitajia, lake na la baba yake.

"Unamukumbuka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, na harusi pengine ingepona palepale. Nikasema hapana, mama, simkumbuki.

Akaendelea kupepeta. "Ungesema unamukumbuka ningekufukuza," alisema. "Walikuwa wengi."

Nilikuwa nimekwenda kuutoa wimbo wako kwa wafu, na nikaona kwamba huko nako una wenyewe. Sikuwa na haki ya kumwambia mama yule kwamba alichokisikia siku ile kilikuwa makosa, kwamba kilikuwa dansi iliyosomwa vibaya. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa, na mtu akikaa lazima aseme kitu. Nikamwambia habari za bandarini, mwito wa Jumapili, na Salima akiteremka majini. Sikuomba lolote. Nilimwambia tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Anamwita na tarumbeta," alisema. "Watu wote wa ng'ambo wanasikia?"

"Wote."

"Ule hakuwa na haya hata kidogo." Na hapo, yaya, kwa mara ya kwanza, alitabasamu. Akageuza ungo, akamwaga mchele kwenye sufuria. "Waipige. Justin atabakia, na wengine wote watabakia. Lakini miye nitatoka inje. Musinifuate."

Ikabaki kuupata wimbo wenyewe, kwa maana uliokuwapo duniani ulikuwa ule mwanzo tu. Mwavita alimleta kwa mama yake mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo mwenye subira. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Salima alisema hakumbuki kitu. Alisema ni zamani sana. Aliimba mwito, kila mtu anaujua huo, akafika kwenye kimya, akakwama. Kisha akasimama, kwa sababu akiwa amekaa haiji. Wimbo ulikuwa miguuni. Miguu ilipoanza, mdomo ukafuata, tarara tarara, na mwalimu akaokota sauti moja moja nyuma yake. Alimrekebisha kama anayemfundisha kupika: "Hapana, mwalimu, pale anachelewa kidogo. Kama muntu anajua watamungojea tu."

Sikuwa nimeusikia tangu siku niliyousimamisha. Ni wimbo wa mtu mwenye furaha. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa mtu wa namna hiyo.

Kuna kipande karibu na mwisho hakikurudi. Salima alikitafuta, akarudia hatua za kabla yake tena na tena, akapanguza uso na kusema kimekwenda. Mwalimu ameweka chake hapo. Ni kizuri. Si chako. Hicho nimekipoteza mimi, na hakuna wa kukirudisha. Nakuambia ili usije ukasikia ukadhani umesahau mwenyewe.

Kabla ya siku yenyewe Mwavita alinipa agizo moja tu. "Baba mudogo, siku hiyo usishike mikro. Sauti yako peke yake inatosha kuzika watu."

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Mwavita na Justin walisimama mlangoni wakisubiri. Mama Furaha aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akapanga kitenge vizuri begani, akapita katikati ya meza mbele ya watu wote na kutoka nje. Mwalimu akainua tarumbeta.

Sikiliza walivyofanya. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliweka sahani chini bila mlio. Mhudumu aliyekuwa anafungua chupa alibaki na kifungulio mkononi. Vichwa viliinama, hata vya watu wetu waliojua kitakachokuja. Mwito ukaisha. Kikaja kile kimya chako cha kungoja, na ukumbi mzima ukangoja jina. Mdomo wangu ulifunguka. Umefunguka mahali pale maisha yangu yote. Niliufunga kwa mkono.

Ngoma zikaingia, na hakuna aliyesogea. Mwavita alikuwa anakuja akicheza kwa hatua alizofundishwa na mama yake, Justin pembeni akipoteza mguu na kuutafuta, na watu wakimtazama kama mtu anayecheza matangani. Aliendelea kutabasamu. Nikasema moyoni, nimemharibia na hii. Ndipo Salima alipoacha meza ya wazazi. Alikwenda kumpokea binti yake katikati ya ukumbi, wakacheza wakitazamana, na yaya, mwanamke yule ana magoti mabaya siku hizi, lakini usingejua. Kutoka nyuma kabisa, kwa madereva wa pikipiki marafiki wa Justin, sauti moja ikapasua:

"Jamani! Marehemu amefufuka!"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia kanisani wala sokoni. Watu walicheka mpaka wakawa wamesimama, na waliposimama ngoma zikawachukua. Si wote. Kuna waliobaki wamekaa na vitambaa machoni. Kuna mzee mmoja aliyeondoka na hakurudi. Sitakuandikia kwamba mji mzima ulicheza.

Mimi sikucheza. Nilikwenda mlangoni nikasimama karibu na Mama Furaha, niliona ndipo mahali pangu. Hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, nusu nje nusu ndani, anasikiliza kwa makini kama mtu anayesomewa. Mwalimu alipiga mpaka mwisho, kile kipande chake na vyote vilivyobaki vyako, akashusha tarumbeta.

"Kumbe iko na mwisho," alisema Mama Furaha, hakunitazama. Na baadaye kidogo: "Miye nilijua inaishaka pale kwa jina."

Akaingia ndani, akarudi kwenye kiti chake, akaomba chakula.

Yaya, komunike itaendelea kufunguliwa na mwito wako. Nimeacha kumsumbua mkurugenzi. Mwito ule sasa ni wa kina Mama Furaha pia, na nikiwanyang'anya nitakuwa nimeiba mara ya pili. Lakini Jumapili mchana, saa ya dansi, redio itapiga wimbo wote kama ulivyorekodiwa harusini. Kabla yake nitasoma jina lako kamili, na la baba yako, na karakana, na avenyu, bila kuruka kitu, kama ninavyowadai wengine. Watu watangoja niseme amefariki. Nitasema ametunga. Nimekuahidi vitu hapo nyuma na unajua nilivyovifanya, kwa hiyo safari hii nimemwahidi na Mwavita, na yeye si mtu wa kuambiwa vita vikiisha.

Salima anakusalimu. Amenikataza kuandika habari za magoti yake, na mimi nimeshaandika. Ubakie vema.

Mudogo wako,
Ramazani